Inua Mguu Kwanza

Kidosho,

Cherehani haijafa, acha kuizika. ~~Usiiguse mpaka nirudi.~~ Iguse! Gauni la bibi harusi lazima litoke leo, na kwa pindo mkono wako umenipita.

Asubuhi ulizungusha kile kinobu cha kukaza uzi mpaka kikalia, ukaniambia mbele ya wageni, "Mama, hii imezeeka kama mwenyewe." Wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini iliniuma.

Mlipotoka nikaichunguza. Vile vitanzi vya uzi vinavyotokea chini ya kitambaa, kosa lake liko kwenye uzi wa juu. Si cherehani tunaigeuza meza ya chai humu ndani, tunashusha ule mguu wake wa kubania nguo ili kitambaa cha meza kilale? Nawe ukapitisha uzi mguu ukiwa chini. Hapo visahani vya kukaza vimefungana, uzi unapita juu juu bila kushikwa.

Toa uzi wote. Inua mguu, pitisha upya, rudisha kinobu katikati. Jaribu kwenye kipande kwanza, tafadhali!

Nimekwenda kwa bibi harusi kumshikilia kwa umbea asije kukusumbua. Ukichelewa nitaishiwa na wa watu, nianze wako.

Mama, mzee mwenzake cherehani