Barua Iliyosema Mazoezi

Jumatatu, 5 Mei

Filimbi saa kumi na moja na nusu. Mchakamchaka. Wenzangu wametoka wakiimba. Mimi kitandani, siku ya tisa. Usingizi sina, machozi sina. Nipo tu, kama gunia la mbaazi.

Mwalimu wa zamu kagonga dirisha: "Wewe, hicho kitanda kimekuoa?" Bweni zima likacheka. Adhabu: mizunguko mitano ya uwanja, peke yangu, watu wakinywa uji na kutazama. Nimekimbia huku nikimchukia yeye, uwanja, na miguu yangu mwenyewe.

Mvivu. Ndilo jina langu sasa.

Jumatano, 7 Mei

Zainabu, tunayelala naye chumba kimoja, kanikokota hospitali hapa Nachingwea. "Dada, hata nikikutania hujibu. Unaumwa."

Daktari ni kijana, shati limemzidi. Kaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Unalala? Unakula? Ulichokuwa unakipenda, bado unakipenda? Nikashindwa kukumbuka nilikuwa napenda nini. Akasema ni sonona, ugonjwa unaoua hamu ya kila kitu. Neno zuri, lingefaa jina la mtoto wa kike.

Kaniandikia barua ya kupeleka chuo, mistari miwili. Nina sonona, nahitaji mazoezi kila siku, nirudi tarehe 21. Kwa mdomo akaongeza kutembea kunatosha, hata kidogo.

Nimekasirika njia nzima. Dawa ni kuinuka. Ugonjwa ni kushindwa kuinuka. Nani kapanga hivi?

Ijumaa, 9 Mei

Siamini ninachoandika.

Mwalimu wa taaluma kasoma barua, kavua miwani, kavaa tena. "Mazoezi unayahitaji kweli. Hata mimi nimeliona hilo." Kapiga muhuri. Jumatatu naenda Ruangwa, shule ya msingi kule Nandagala, wiki tatu. Mazoezi ya kufundisha!

Nikasema, mwalimu, ni mazoezi ya mwili. Akasema hapa ni chuo cha ualimu, hatuna mazoezi mengine. Na hiyo sonona? Akadhani ni mtaa ninakotoka.

Nikikosa siku moja, narudia mwaka. Huo mwaka sina nguvu ya kuurudia. Huo ndio ukweli ambao sijamwambia hata Zainabu.

Jumatatu, 12 Mei

Nandagala. Nimepangiwa kwa Mwalimu Hadija wa darasa la pili. Nyumba yake, ninakolala, iko huku, shule iko kule, katikati ufuta mtupu. Dakika arobaini kwa miguu, kwenda. Kurudi zinaonekana sitini. Nimefundisha kujumlisha, nikakosea kujumlisha. Watoto wamenisahihisha kwa furaha.

Alhamisi, 15 Mei

Leo mwili uligoma. Hadija kasimama mlangoni. Hakuwa na filimbi. "Mwenzangu, mimi natangulia polepole. Ukinikuta, haya. Usiponikuta, nitakusalimia watoto."

Hasira zikanipanda. Mtu anakuachaje hivihivi? Nikavaa, nikamfukuzia. Nilimkuta kwenye ufuta, anatembea kama anayehesabu mchwa. Hakusema hongera. Kaongea habari za kuku wake hadi shuleni.

Jumatatu, 19 Mei

Jana nililala kutwa, sikuoga. Leo nimetembea. Usiku wa Jumamosi usingizi ulinichukua hadi alfajiri. Nimekula ugali, nikaongeza.

Inauma kukiri kwamba kosa la mwalimu wa taaluma linanisaidia. Akijua, ataliita mpango. Uwanjani nilikimbia zaidi na nilitoka nimekufa. Miguu ni ileile. Tofauti ni nani anakutazama, na anatazamia nini.

Jumanne, 20 Mei

Nimempigia simu mwalimu wa taaluma kuomba ruhusa ya kliniki kesho. Jibu: "Mazoezi hayajaisha." Kakata.

Nimekasirika. Halafu nikashangaa. Wiki mbili zilizopita hasira isingeniinua. Ningelala tu.

Naenda. Anirudishe mwaka, anirudishe na karne.

Jumatano, 21 Mei

Daktari kasikia habari ya Nandagala, kacheka hadi kashika meza, kisha kaniomba radhi. Kasema nimepiga hatua ila sijapona, na nisikose tarehe zake. Kaandika barua nyingine kwa herufi kubwa: KUTEMBEA KWA MIGUU. KLINIKI NI LAZIMA.

Nikaipeleka mwenyewe. Mwalimu wa taaluma kaisoma muda mrefu. "Sasa kwa nini hakuandika hivi tangu mwanzo?" Akanitia tiki kwenye daftari la mahudhurio. Pole hakutoa. Niliisubiri kidogo, nikaondoka.

Jumanne, 3 Juni

Nimerudi bwenini jana. Filimbi, mchakamchaka, nyimbo. Mwalimu wa zamu kapita dirishani, hakugonga.

Nilibaki kitandani hadi kelele zilipoisha. Karibu nisiinuke. Zainabu alikuwa mlangoni, kandambili mkononi.

"Natangulia polepole," akasema. Nilikuwa nimemsimulia.

Nilimkuta getini.