Mama Amesafiri

Priscila,

Maharage yamechemka, yamebaki kuungwa. Mbuzi umfunge mbali na mahindi ya jirani. Skafu yako ya skauti iko kambani, ipige pasi kabla mkaa haujaisha.

Mimi nimekwenda Bugarama kwa mama yako mdogo. Si ndivyo ulivyomwambia kiongozi wenu wa skauti asubuhi, ulipokuwa unaongea na simu mlangoni? "Mama amesafiri, nishani atanivika Mwalimu Tecla." Na mimi niko nyuma ya nyumba nakumenyea ndizi! Basi nimesafiri kweli, nisikufanye mwongo kwa nishani ya kanisa.

Sababu naijua. Kesho kwenye Misa mzazi anayemvika mwanawe anasalisha mbele ya watu, na mimi huwa nasema "Salamu Malia". Wenzako watacheka. Lakini sala zote ulizotahiniwa na Padri ulijifunzia mgongoni kwangu, kwa Malia huyo huyo.

~~Kanisani siji.~~ Nitakuja, nitakaa benchi la nyuma kabisa. Ukiulizwa yule ni nani, usiseme tena mama amesafiri. Nitakuwa nakusikia.

Ni mimi,
Mama