Furaha Ameniuliza Kwa Nini Ulianguka

Papa Shabani, mwalimu wangu,

Mvua imenyesha hapa mtaani Katoyi tangu asubuhi na darasa letu la mbao linavuja kwenye ile kona uliyosema utaiziba. Watoto wameshaondoka. Nakuandikia kwa sababu leo nimefanya jambo, na sina mwingine wa kumweleza.

Ndugu zako walikuzika siku ileile uliyokufa, kama dini yenu inavyotaka, na watoto wetu viziwi hawakukuaga. Kesho yake walinikuta peke yangu mbele ya ubao. Niliwaambia kwa ishara kwamba umekufa. Walilia, wakauliza, nikajibu. Furaha peke yake aliuliza kitu kilichonishinda: kwa nini mwalimu alianguka?

Ningemjibu vipi? Tulikuwa tunawasindikiza nyumbani wakati risasi zilipoanza, za nani hatujui mpaka leo. Watu wote wakajilaza. Furaha alikuwa mbele, ametupa mgongo, anatembea zake. Ukapiga mguu chini. Darasani mbao hutetemeka na watoto wote hugeuka, lakini barabara ile ni mawe ya volkano, haipitishi kitu. Ukapiga tena. Halafu ukakimbia huku ukimwita jina kwa sauti, wewe uliyenigombeza kila nilipomwinulia kiziwi sauti! Mimi nilikuwa chini kando ya ukuta, nimewafunika wadogo wawili. Ulimfikia, ukamsukuma, ukaanguka.

Mama yake alikuja kunisihi. "Neema, usimuambie mutoto ile maneno. Atazani ni yeye aliua mwalimu." Nikamhurumia. Kila Furaha alipouliza, nikamwambia baadaye.

Najua ulivyolichukia neno hilo, ambalo wewe uliliita kisha. Ulikuwa ukisema, "Mutoto kiziwi anakulaka mabaki ya habari. Kwao wote wanacheka, yeye akiuliza wanamuambia kisha, kisha. Hapa kwangu hakuna kisha." Nilikukasirikia, Papa Shabani. Kusema hivyo ni rahisi kwa mtu ambaye hatakuwepo siku ya kujibu.

Kisha Furaha akaanza kukalia mikono yake asiseme. Yule msumbufu, aliyekuwa akituingilia maneno sote wawili! Nikimwita mbele ya ubao, anatazama dirishani. Niliona tunampoteza. Wiki chache zaidi na asingerudi shuleni.

Leo nilimwomba mama yake aje akae nasi. Anajua ishara za chakula, maji na njoo tu, kwa hiyo alishika goti la binti yake akatazama mikono yangu bila kuielewa. Mikono ambayo ulikuwa ukiicheka, "Neema, vidole vyako viko na mafua." Nilimweleza Furaha yote: risasi, mgongo wake, mguu wako, mbio zako. Nikamwambia aliyekuua ni mwenye bunduki, si yeye. Nikarudia. Sijui kama alinisadiki.

Aliuliza kama ulimwita. Nikamwambia ndiyo. Akauliza, kwa mdomo? Nikamwambia kwa mdomo.

Akafikiri. Kisha akasema: alisahau kwamba mimi ni kiziwi.

Hapo akalia kwa ile sauti yake asiyoijua, mama yake akamkumbatia, nami nikatoka nje kwa sababu sikuweza tena.

Walipoondoka nilisimama mlangoni. Mama yake alikuwa anamvuta mkono, lakini Furaha alikataa kugeuka. Alikwenda kinyumenyume njia nzima, macho kwangu, akijikwaa kwenye mawe, akiogopa kumpa mtu mgongo.

Pumzika, mwalimu wangu. Siwezi kukuahidi kwamba risasi hazitarudi, wala kwamba nitakuwa jasiri kama wewe. Nakuahidi hili tu: kuanzia kesho nitatangulia mbele ya watoto nikiwa nimewageukia, wanione njia yote. Wa kutembea kinyumenyume nitakuwa mimi.

Mwanafunzi wako,
Neema