Mbuzi Wanne Niliowahamisha Banda

Alhamisi, Septemba 1982. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na jua la Voi halina adabu.

Niandike wazi: mahali pa kukipigia kijidudu cha mbung'o, kile kinachomaliza ng'ombe wetu, nimepagundua mimi, Mwakio wa Mbololo, niliyeishia darasa la nne.

Uongo. Amepagundua Daktari Nekesa. Mimi hapa kituo cha utafiti wa mifugo kazi yangu ni kulisha mbuzi na kuwanywesha dawa. Nilichogundua mimi ni namna ya kumharibia.

Daktari ni binti wa Bungoma, mwembamba kama fito, na anakula ugali wa watu wawili. Alinieleza polepole, nami nikatikisa kichwa kama mzee wa kanisa. Ndani ya kijidudu, anasema, kuna kitu kinachochoma sukari ya damu. Hilo ndilo jiko lake. Ukilizima, kijidudu kinakufa njaa huku kinaogelea ndani ya chakula. Kwenye chupa alilizima, kikafa. Kwa panya pia. Lakini chupa haina ini, na panya si mbuzi. Ilibaki kuhakikisha kwamba shabaha ni hiyo kweli.

Basi tukaletewa mbuzi kumi na wawili, namba masikioni, wote wakatiwa ugonjwa. Moja mpaka sita, banda la juu, dawa. Saba mpaka kumi na mbili, banda la chini, maji matupu.

"Mzee, usinichanganyie," akasema.

"Nikuchanganyie nini, binti yangu? Mimi nimezaliwa zizini."

Shida ndiyo hiyo, kuzaliwa zizini. Kwetu Wadawida, mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote boma moja. Wangu wengine wanalala kwa rafiki yangu Mwandawiro, na wake wengine kwangu, ili ugonjwa ukiingia usimfagie mtu akabaki na kamba tupu. Nikayaangalia yale mabanda mawili, nikaona hawa wasomi wanahitaji msaada. Jioni ile ile, kabla dawa haijaanza, namba tatu na tano nikawashusha chini, nane na kumi na moja nikawapandisha juu. Nikajipongeza.

Kila asubuhi nikanywesha kwa banda. Juu dawa, chini maji. Namba sikuangalia. Siku za kupima damu nilimpelekea Daktari mbuzi mmoja mmoja mezani, yeye akasoma sikio, akaandika. Bandani haingii, anapiga chafya.

Leo wiki ya sita imeisha. Alikaa juu ya debe, karatasi magotini.

"Mzee Mwakio, tatu na tano wamekunywa dawa na wamekufa. Nane na kumi na moja wamekunywa maji, na leo hapa mezani wamerukaruka."

"Labda ni wakaidi," nikasema.

Hakucheka. "Basi jiko si lile. Tumekosa shabaha. Kesho naandika Nairobi tuiache hii."

Miaka mitatu ya kazi yake. Hakulia. Afadhali angelia.



Nimekimbilia nyuma ya ghala la majani na daftari langu, nikayachora mabanda na kuwapanga mbuzi pale walipolala kweli, si pale alipowaandika. Kila aliyekunywa dawa yuko hai. Kila aliyekunywa maji amekufa, au amelala chini masikio yameanguka. Kila mmoja! Jiko ni lile lile. Daktari hakukosa hata kidogo.

Nikikaa kimya, hakuna atakayejua, na kazi ninayo. Lakini ng'ombe wataendelea kuanguka kwa Mwandawiro, na mimi nitakaa naye tukiwafukia na kusema ni mapenzi ya Mungu. Nikisema, nafukuzwa, na Mama Mghoi, mke wangu, atanicheka mpaka Krismasi. Hilo nalivumilia. Kinachonikosesha raha ni hiki: ataniamini? Mzee anayedanganya mpaka umri wake anakuja leo na hadithi ya mbuzi waliohama banda. Atadhani namwonea huruma tu.

 

Labda itabidi arudie na mbuzi wapya, na mtu mwingine awanyweshe. Arudie. Lakini asiache.

Daktari, daftari hili nitaliweka mezani kwako kesho asubuhi, kabla hujashika kalamu. Siku ile gari lako lilipozama mchangani pale mto Voi, nililivuta kwa punda wangu wawili, ukaniambia, "Mzee, nitakukumbuka." Sijakudai hata soda. Sasa nakudai: soma mpaka hapa chini, kisha nenda bandani na chafya zako ukasome yale masikio mwenyewe. Ukitoka huko, ndipo uanze kunifokea.