Karatasi ya dispanseri

Siku ya ine, mangaribi

Mu kartie yetu hakuna mutu anajua Kifaransa kunipita. Hata mwalimu akiniona anabadilisha njia. Ndiyo maana jirani yetu, mama Furaha, aliniletea karatasi ya dispanseri juu ya mutoto wake mwenye malaria.

“Weye profesa wa uongo, unisomee.”

“Ulete sukari kwanza, mama.”

Alicheka. Nikasoma kwa sauti: apewe dawa siku tatu, atapona.

Leo tumemuzika yule mutoto. Alikuwa na miezi saba. Muganga wa dispanseri alikuja ku matanga, akamuuliza mama: “Juu ya nini haukumurudisha kesho yake? Si niliandika?”

Mama Furaha aliniangalia, kisha akainamisha kichwa. “Nilisahau.”

Hakusahau. Mistari ya chini ilinishinda kusoma, nikaogopa atanicheka, nikajitungia.