Mkono Uliosahau Kutandaza Omena

Limuru,
Jumapili alasiri.

Kwa Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana najua ukiisoma umesimama kwenye neti ya kuanikia omena utaisoma nusu tu, kisha uikunje uitie mfukoni mwa aproni. Goti la bibi yetu Dani linaendeleaje tangu mvua ianze? Na Ouma, bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea kidogo, ingawa vidole vyangu havikunjuki vizuri mpaka tupate chai ya saa nne.

Jumapili iliyopita ulinipigia kwa simu ya matroni ukaniuliza mchujo wa timu ya gofu ulikwendaje, nami nikasema, "Ulikuwa sawa, Mama." Nyuma yangu wasichana kumi na mmoja walikuwa wakisubiri zamu zao, na unajua siwezi kusema jambo refu watu wakinisikiliza. Mama, haukuwa sawa. Nimetolewa kwenye timu. Na kwa kuwa nafasi yangu katika shule hii nilipewa kwa ajili ya gofu, muhula huu ukiisha narudi nyumbani Sori. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia mwenyewe, kwa upole sana, na upole wake ndio uliofanya nilie. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujamwambia mtu.

Sitaki ufikiri kwamba nilikuwa mvivu. Nataka uelewe ni nini hasa kilichonishinda.

Unakumbuka siku ile Homa Bay, wageni walipokuja kutujaribu sisi watoto wa shule za ziwani. Kila mmoja alipewa fimbo na mipira mitano iliyosimamishwa juu ya vijiti vidogo. Yangu yote mitano ilivuka ua. Mgeni mmoja akauliza nimefundishwa na nani, mimi nikaangalia viatu vyangu, ukajibu wewe: "Hakuna aliyemfundisha. Huyu huanika omena na mimi." Walicheka, wakadhani unatania. Kumbe ulikuwa umewaambia kila kitu.

Mkono wa kutandaza omena ndio uliopiga ile mipira. Unachota kwenye beseni, unarudisha mkono nyuma, halafu mwishoni kabisa kifundo cha mkono kinafunguka ghafla, na samaki wanaanguka mbalimbali juu ya neti bila kulaliana. Ulinifundisha nikiwa na miaka sita. Ulisema asiyefungua kifundo anatupa rundo, na rundo huoza katikati.

Mpira ukiwa juu ya kijiti, mkono huo unasaidia. Ukiwa chini kwenye nyasi, unaharibu. Maktaba ina vitabu vitatu vya gofu na nimevisoma vyote mara mbili. Vyote vinasema jambo moja: fimbo inapougusa mpira, mikono iwe imeutangulia, na kifundo cha kushoto kiwe kimenyooka kama rula kutoka kwenye kiwiko hadi vidole. Changu, wakati huo huo, kinakunjika. Mkono wa kulia unarusha, kichwa cha fimbo kinaipita mikono yangu, na ama ninachimba udongo nyuma ya mpira, ama ninaukwaruza juu ukimbie chini kama panya.

"Akinyi, unalisha kuku tena," Kocha Wanjohi husema.

"Silishi kuku, mwalimu."

"Basi hayo mahindi unamrushia nani?"

Wenzangu hucheka, na mwanzoni hata mimi nilicheka. Kocha si mbaya, Mama. Aliniona naishika fimbo kama mpini wa jembe, akanibadilisha mshiko. Aliuzungusha mkono wangu wa kushoto mpaka nikaona vifundo viwili vya vidole, akanifunika kidole gumba kwa kiganja cha kulia. "Sasa legeza," akasema. "Umeshika yai, na kuku mwenyewe anakuangalia." Nilielewa kila neno. Ningeweza kumwandikia insha.

Lakini kuelewa hakukusaidia. Basi nikaomba bandeji kwa muuguzi wa shule, nikasema nimeteguka, na huo ni uongo ambao bado unanisumbua kila Sabato. Nikajifunga rula nyuma ya kifundo, wiki moja kushoto, wiki moja kulia. Nilikula nayo, nikafua nayo, nikapiga deki nayo. Tangu muhula ulipoanza, Mama. Nikipunga fimbo bila mpira, kifundo kilianza kutii. Kocha akasema, "Hapo sasa." Ukiwekwa mpira tu, mkono unakumbuka neti.

Siku ya mchujo nilifika shimo la mwisho nikiwa bado nina nafasi. Mpira wangu ulikuwa umelala kwenye nyasi fupi, bendera iko mbele hatua mia hivi. Nilihitaji pigo moja safi, nifike karibu na shimo. Nilishika yai. Nilifikiria rula. Fimbo iliposhuka nikasikia kifundo kinataka kufunguka, nikakizuia, lakini nilikizuia kikiwa kimekwisha kuanza. Hakikufunguka na hakikunyooka. Mpira ulitoka pembeni ukaingia kwenye miti, na sauti yake ilikuwa mbaya, kama kijiko kikianguka. Nilimtazama Kocha. Angenitania kuhusu kuku ningejua bado ananitaka. Alisema tu, "Pole, Akinyi," akaandika kwenye karatasi yake.

Hayo ningeyavumilia. Nilijiambia, si kitu, nitarudi kwa Mama, kule mkono wangu una kazi.

Halafu juzi ilikuwa zamu yangu ya kusaidia jikoni. Gunia la omena lilikuwa limeloweshwa na mvua, na mpishi, mama mmoja mcheshi, akatandika turubai juani akaniambia, "Wewe si wa ziwani? Njoo utuonyeshe." Nilifurahi, Mama. Kwa mara ya kwanza muhula huu nilifurahi kuitwa mbele ya watu. Nikachota, nikarudisha mkono nyuma, nikarusha. Zikaanguka rundo. Nikarusha tena. Rundo. Kifundo kilikaa kimenyooka vizuri kabisa, vile vitabu vinavyotaka.

"Ziwa gani hilo unatoka?" mpishi akauliza, na wote wakacheka. Alikuwa anatania tu. Nilizitandaza kwa vidole, moja moja, nimepiga magoti, mpaka kengele ikalia.

Kila siku tangu hapo najaribu kwa mchanga nyuma ya bweni. Bado ni rundo. Sijui nimeufanya nini mkono wangu.

Msalimie Dani, umwambie nimesoma zaburi aliyonichagulia. Msalimie kaka yangu Ouma. Asinicheke kwa kurudi, nitamsaidia hesabu. Msalimie jirani yetu wa neti ya pili, Nyar Ndhiwa, ambaye huwaambia wanunuzi kwamba omena zangu hukauka kabla ya zake. Usimweleze bado.

Barua hii ataileta dada wa Kidato cha Nne anayeshukia Migori. Mimi nitafika shule ikifungwa. Nina ombi moja tu. Asubuhi ya kwanza usinipe beseni mbele ya watu. Twende mapema, kabla Nyar Ndhiwa hajatoka, unishike mkono kwa nyuma kama nilipokuwa na miaka sita, na ukiona samaki wameanguka rundo, usiseme kitu, tuwatenganishe tu.

Ni mimi binti yako, ninayekuonea haya na kutamani kukuona,

Akinyi