Mkeka wa Hajulikani

Mama'ngu,

Shikamoo. Vidole vyako vipi, vile vilivyokatwakatwa na miyaa ya kusukia? Mie mzima hapa Tibirinzi, bado nafagia skuli. Nakuandikia kwa sababu simuni unaniambia "sema basi!", nami ndiyo nazidi kunyamaza.

Mama, watu wa skuli hii wamenichosha. Mwalimu Salim, wa hesabu, kabandika ukutani picha za wakubwa wa hesabu wa dunia: Wagiriki, Wahindi, Waarabu, midevu mitupu. Kisha kauona mkeka wako chumbani kwangu, kauazima, kautundika chini ya wale wazee. Nikafurahi.

"Kaushona nani?"

"Mama."

"Mama nani?"

Sasa mie nikutaje jina mbele ya watu, nawe umenizaa? Nikautazama ufagio. Basi kaandika kikaratasi: "Mkeka wa Pemba. Mshonaji hajulikani."

Hajulikani! Na mie nimesimama pale pale!

Wiki nzima anaupima. Anataka kujua vipi ukili mmoja mrefu, ule utepe wa miyaa iliyosukwa, unazungushwa, unashonwa, na kila mzunguko ua jekundu linakaa sawasawa na mwenzake. Kajaza ubao, na kila akimaliza ua linapita kidogo. Wanafunzi wanamcheka: "Mwalimu, ua lako limehama!" Mie nafagia chaki zake, nakukumbuka ulivyokuwa ukipima kwa shubiri, ukisema, "Kombo, kila mzunguko uibie vidole viwili," ukaendelea kushona. Hukuandika hata nukta.

Jana kanitania, "Au ufagio wako unajua jawabu?" Wakacheka wote. Nikachukua kalamu mezani kwake, nikakata lile "hajulikani", nikaandika RIZIKI FAKI, MSUKA. Herufi zimepinda, ila zasomeka. Nisamehe kwa kukutaja.

Mwalimu kasoma, kaniuliza taratibu, "Huyu ndiye anayejua?"

"Ndiye."

Jumamosi anakuja huko na daftari lake.

Nisalimie bibi, mwambie mie nala vizuri. Na dada Mwanaidi anayekusomea hii, asiruke pale penye jina lako, alisome kwa sauti.

Mama, huyo mwalimu akikuita "mama Kombo", mpe chai na mkate wa kumimina, aende zake. Akikuita kwa jina lako, ndiyo umwambie vile vidole viwili.

Mwanao anayelala juu ya gunia mpaka mkeka urudi,
Kombo